Kumtunza Mzee ni Kazi ya Kupangwa

Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Musoma.



Nimeombwa niseme juu ya namna nchi za Asia zinavyowatunza wazee wao, na yale ambayo sisi wa Mara tunaweza kujifunza kwao. Nimekubali kwa furaha. Lakini naomba ruhusa yenu nianzie hapa nyumbani, kwani mtu asiyejua upungufu wa ghala lake hajui akanunue nini sokoni.

Sisi tunapenda kusema kwamba Mwafrika hamtupi mzee wake. Tunalisema jambo hili mikutanoni, tunawafundisha watoto shuleni, na kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, tunalirudia kwa sauti kubwa. Mimi sisemi kwamba ni uongo. Nasema kwamba ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo imetufanya tulale. Kama hakuna mzee anayetupwa, je, makao ya wazee ya Nyabange, hapa hapa mkoani kwetu, yanamtunza nani? Makao ya Serikali ya namna hiyo yapo katika mikoa mingi, kama Bukumbi mkoani Mwanza na Nunge jijini Dar es Salaam. Baadhi yake yalianza kuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma. Leo wanaishi humo watu waliolima, waliovua, waliochunga na kuzaa, ambao mwisho wa safari hawana mtu wa kuwapokea.

Tena hao ndio wenye nafuu, maana wana paa, uji na mhudumu. Walio wengi wako vijijini. Yuko bibi wa Nyamuswa anayeishi na wajukuu wanne, ambaye jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho. Yuko mvuvi wa Makoko aliyevuta nyavu miaka arobaini na sasa mgongo haunyooki. Yuko mkulima wa pamba wa Bunda aliyeuza pamba yake kila msimu tangu ujana, lakini hakuwahi kukatwa hata senti moja ya mafao ya uzeeni, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumkata. Sisi tuliomo ukumbini humu tutastaafu kwa lazima tukifikia miaka 60, na mfuko wa pensheni utatulipa. Pensheni ya kuchangia humlipa aliyechangia. Mkulima, mvuvi na mfugaji, ambao ndio wengi katika Mara, wamebaki nje ya mlango huo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee akifikisha miaka 60. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba watu wa umri huo walikuwa zaidi ya milioni 2.5, sawa na asilimia 5.6 ya Watanzania wote. Wako wanaoitazama asilimia hiyo wakasema, "Wazee ni wachache, nchi yetu ni ya vijana, suala hili lingoje." Hoja hiyo nitairudia baadaye kidogo.

Ndugu zangu, hapana budi tujiulize kwa nini desturi yetu imepungukiwa nguvu. Si kwa sababu vijana wa leo wana roho mbaya kuliko wa zamani. Desturi ile ilisimama juu ya nguzo ambazo sasa hazipo, au zimelegea. Zamani watoto waliishi jirani na wazazi, katika ardhi ya ukoo, na mzee ndiye aliyeigawa ardhi hiyo. Marika yalijulikana, na kila rika lilijua wajibu wake kwa rika lililotangulia. Leo kijana yuko machimboni Buhemba, yuko visiwani akivua, yuko Mwanza au Dar es Salaam akitafuta riziki. Anampenda mama yake, lakini hawezi kumchotea maji kutoka Dar es Salaam. Kisha ukaja UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ukawachukua watu wa umri wa kati na kuwaachia wazee kazi ya kulea wajukuu. Aliyepaswa kutunzwa akawa ndiye mtunzaji.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alilieleza jambo hili vizuri katika andiko lake la mwaka 1962 juu ya ujamaa wa Kiafrika. Alieleza kwamba katika jamii ya jadi kila mtu alikuwa mfanyakazi. Mzee aliyeonekana amekaa tu akihudumiwa alikuwa amekwisha kufanya kazi kubwa katika ujana wake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likafuata mkondo huo huo: katika nchi ya kijamaa hapana mtu mzima mwenye nguvu anayestahili kuishi kwa jasho la mwenzake, lakini wamo wenye haki ya kutunzwa, nao ni watoto wadogo, wazee wasiojiweza, vilema, na wale ambao nchi haijaweza kuwapatia kazi. Tutazame maana yake. Mzee haombi sadaka. Anadai malipo ya kazi aliyokwisha kuifanya, na wadaiwa ni sisi.

Deni likishakuwa deni, haliachwi kwa huruma ya mdaiwa. Huwekewa utaratibu wa kulilipa. Hapo ndipo wenzetu wa Asia wana la kutufundisha.

Tuanze na Japani. Wengi wetu tukisikia habari za wazee wa Japani tunafikiria mashine na utajiri. Mimi nataka tutazame tarehe. Japani ilitunga sheria ya ustawi wa wazee mwaka 1963. Wakati huo Wajapani wenye miaka 65 na zaidi walikuwa kama 6 tu katika kila watu 100. Nchi ilikuwa ya vijana, kama yetu. Hili ndilo jibu la wale wanaosema tungoje. Ufaransa ilichukua miaka 115 kwa idadi ya watu wa umri huo kupanda kutoka asilimia 7 hadi 14. Japani ilichukua miaka 24 tu, kuanzia 1970 hadi 1994. Leo wamezidi robo ya Wajapani wote. Uzee wa taifa huja polepole kwa waliotangulia na mbio kwa waliofuata, nasi tumo katika kundi la waliofuata.

Lakini Japani nayo ilijikwaa, na kujikwaa kwake kunatuhusu. Mwaka 1973 iliamua kwamba wazee wa miaka 70 na zaidi watibiwe bure. Uamuzi ule ulikuwa mwema. Lakini baada ya muda hospitali zilijaa wazee ambao hawakuwa na ugonjwa wa kulazwa. Walikuwamo humo kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kuwaogesha, kuwapikia na kuwageuza kitandani. Gharama zikapanda, na mwaka 1982 ikatungwa sheria nyingine iliyowataka wazee wachangie kiasi kidogo. Hatimaye, mwaka 2000, wakaanzisha bima maalumu ya matunzo ya muda mrefu. Kila mtu huanza kuichangia akifikia miaka 40. Nusu ya fedha hutoka katika michango hiyo, na nusu hutoka katika kodi. Mzee hupimwa aonekane anahitaji msaada wa kiasi gani, kisha hupewa mtu wa kumsaidia nyumbani, au hupelekwa mchana mahali pa kuogeshwa, kula na kufanya mazoezi pamoja na wenzake, jioni akarudishwa kwake.

Fundisho lake ni hili: kumtibu mzee ni jambo moja, na kumtunza ni jambo jingine. Sisi Tanzania tumesema mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo, na katika hospitali na vituo vingi liko dirisha la wazee. Hiyo ni hatua ya kujivunia. Lakini dirisha haliendi Kiabakari kumchukua bibi asiyeweza kutembea. Halimkumbushi babu kumeza dawa ya shinikizo la damu. Halifui shuka. Mzee huyo anahitaji mtu, na mtu huyo apatikane kwa mpango, si kwa bahati.

Mtasema, "Japani ni tajiri, sisi tutaiwezea wapi?" Basi tuiache, tuende Vietnam, nchi ya wakulima wa mpunga iliyotoka katika vita virefu. Huko, kuanzia mwaka 2006, zilianzishwa klabu za kusaidiana za vijijini zinazochanganya wazee na vijana. Klabu moja huwa na wanachama 50 hadi 70. Wengi wao ni wazee, wengi ni wanawake, na wengi ni watu wa kipato cha chini, lakini hawakosi watu wa umri mdogo wenye nguvu. Hukutana kila mwezi. Wana mfuko wa kukopeshana fedha za miradi midogo, hufanya mazoezi ya viungo, hupimana afya, hufundishana haki zao, na wanachama wa kujitolea huwatembelea nyumbani wazee walio dhaifu ili kuwasaidia kazi za ndani.

Je, katika hayo lipo jambo geni kwetu? Mfuko wa kukopeshana ni kikoba, nacho kimeenea kila kijiji. Rika kuwasaidia wakubwa wake ni desturi ya Wazanaki, Wakurya na Waikizu. Tofauti ni kwamba Wavietnam wameandika orodha, wameweka siku ya mkutano, wameteua mtu wa kumtembelea mzee fulani, na mtu huyo huulizwa mkutanoni kama alikwenda. Sisi tumebaki na moyo mwema bila daftari.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kupata ushahidi kwamba mambo haya yanawezekana. Nitataja mifano mitatu.

Wa kwanza uko ng'ambo ya ziwa letu. Mwaka 2003 huko Nshamba, wilayani Muleba, mkoani Kagera, ulianzishwa mradi uitwao Kwa Wazee. Mradi huo uliwapa fedha kidogo, kwa utaratibu wa kudumu, wazee maskini waliokuwa wakilea wajukuu yatima, tena ukawaunganisha katika vikundi vya kusaidiana. Wako waliohofu kwamba fedha zile zingepotea ovyo. Tathmini iliyotolewa mwaka 2008 ilionyesha fedha zilikokwenda: chumvi, sabuni, na viatu vya shule vya wajukuu. Ndugu walimu, angalieni hapo. Fedha aliyopewa bibi ilimfikisha mtoto darasani. Anayedhani kwamba kumsaidia mzee ni kumnyima mtoto hajaingia katika nyumba hizo.

Wa pili ni wa jirani zetu wa Magu, kwenye barabara ya kutoka Bunda kwenda Mwanza. Ninalotaka kulisema hapa ni chungu, lakini tusidanganyane. Katika Kanda hii ya Ziwa, vikongwe, hasa wanawake, wameuawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, na macho mekundu yamehesabiwa kuwa ushahidi. Macho hayo mekundu ni ya moshi. Ni ya mwanamke aliyepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha kwa miaka hamsini, akiwapikia hao hao ambao baadaye wanamnyooshea kidole. Mara nyingine nyuma ya tuhuma hizo kuna shamba linalogombaniwa. Shirika la MAPERECE la huko Magu lilifanya jambo la akili. Pamoja na kuelimisha watu juu ya sheria na kuwatengenezea wazee nyumba, liliwafundisha kujenga majiko banifu yanayopunguza moshi. Moshi ukipungua, macho yanapona, kuni zinatosha siku nyingi, na mwongo anakosa ushahidi wake. Udongo wa kujengea jiko hilo upo Butiama, upo Bunda, wala haununuliwi.

Wa tatu ni wa Zanzibar. Mwezi Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mkazi aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, kiwango ambacho baadaye kilipandishwa. Kenya nayo, ng'ambo ya Sirari, ilianza mwaka 2018 kuwalipa wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za nchi hiyo kwa mwezi. Nchi hizo si tajiri. Ziliamua tu kwamba mkulima na karani wote walijenga nchi. Naamini Tanzania Bara nayo itapaswa kufika huko, na sisi tulio karibu na pensheni tusiwe wa mwisho kulidai jambo hilo kwa ajili ya wasiokuwa nayo.

Lakini tusikae tukingoja. Yako mambo ambayo Musoma, Bunda na Butiama wanaweza kuyaanza mwaka huu, nami nayataja kwa kifupi.

Kwanza, kila kijiji na kila mtaa uwe na daftari la wazee. Liandikwe jina, umri, anaishi na nani, anaona, anatembea, anatumia dawa gani, na nani atamtembelea. Afisa Mtendaji wa Kijiji anaweza, mwalimu anaweza, na mhudumu wa afya wa jamii anaweza. Tusipomjua mzee mpaka siku ya msiba wake, basi hatukuwahi kumtunza.

Pili, vikoba vilivyopo vifungue milango kwa wazee na viwe na mfuko wa matunzo. Hesabu yake ni nyepesi. Kikundi cha watu 50, kila mmoja akitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, kinapata shilingi 600,000 kwa mwaka. Fedha hiyo haijengi hospitali. Lakini inalipa pikipiki ya kumpeleka mzee kliniki, inanunua sabuni na blanketi, na inamnunulia miwani.

Tatu, uzee wenye afya uanze kutayarishwa kabla ya uzee. Mjapani huanza kuchangia bima yake akiwa na miaka 40. Sisi tuanze na kupima shinikizo la damu na sukari tukiwa na miaka 40, maana magonjwa hayo hayabishi hodi. Redio ya Japani ilianza kutangaza mazoezi ya viungo ya asubuhi mwaka 1928, na mpaka leo wazee hukusanyika kuyafanya. Viwanja vya shule tunavyo, na walimu wa michezo tunao. Ni gharama gani kumwita mzee siku ya Jumamosi asubuhi akanyooshe viungo pamoja na wenziwe na kupimwa macho?

Nne, mzee mwenye nguvu apewe kazi inayolingana na nguvu zake. Mwalimu alipong'atuka urais mwaka 1985 alirejea Butiama akaendelea na shamba lake, na mpaka mwaka 1990 alikuwa bado Mwenyekiti wa Chama. Hakuna aliyemwambia akae kivulini. Hapa Musoma wako wazee walioendesha mitambo ya kiwanda cha nguo cha Mutex, wako mafundi wa mitumbwi, wako wakunga na walimu wastaafu. Kumweka mtu wa namna hiyo kando, kisha kumpa kilo ya sukari mara moja kwa mwaka na kupiga naye picha, si heshima.

Tano, shule ifundishe ukweli juu ya macho mekundu. Mtoto wa darasa la tano akielewa kazi ya moshi katika jicho, atamtetea bibi yake hata mbele ya watu wazima.

Najua lipo jambo moja mtakaloniuliza: kazi hii mpya itafanywa na nani, ilhali mwalimu ana madarasa yaliyojaa na mtumishi ana mafaili mezani? Swali hilo ni la haki. Silisemi hili ili kumwongezea mwalimu mzigo wa kuogesha wazee. Kazi hiyo ni ya wanakijiji wenyewe, kwa zamu zao. Kazi yetu sisi tuliosomeshwa ni ile tunayoiweza kuliko wengine: kuandika orodha, kutunza hesabu, kuita mkutano, na kuuliza kama lililokubaliwa mwezi uliopita limefanyika. Bila kazi hiyo ndogo, nia njema ya kijiji kizima huishia kwenye maneno.

Wazee hawa ndio waliojenga kwa mikono yao madarasa ya kwanza tuliyosomea, wakabeba mawe na kufyatua matofali ambayo hawakulipwa. Wengi wao hawakupata kukaa katika madarasa hayo. Walijenga wakijua kwamba faida itawafikia wengine. Basi kesho asubuhi, kila mmoja wetu akifika kituoni kwake, amwulize Afisa Mtendaji swali moja: daftari la wazee liko wapi? Kama halipo, alete la kwake, aanze kuandika.